Swali la Kumi na Moja

Jumatano, tarehe 4

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Tafadhali msomee Mama barua hii polepole, maana wewe ukisoma unakimbia kama cherehani yako, mtu hapati hata nafasi ya kuuliza.

Ugenini ni pazuri. Chumba chetu ni kikubwa, kuta zake zimepakwa kijani mpaka usawa wa bega na nyeupe kwenda juu. Kitanda ni cha chuma na godoro ni jipya, hata nailoni haijatolewa. Nikigeuka linapiga kelele kama mtu anayefungua peremende darasani. Tunalala wawili. Mwenzangu ni mkubwa kidogo kuliko nilivyotarajia, lakini ni mcheshi. Dirisha liko juu. Nikisimama kitandani naona paa za mabasi mengi.

Siku ya kwanza niliulizwa maswali kumi na tisa kwa lugha yao, nikayajibu yote bila kuomba msaada. Unakumbuka ulivyokuwa unanicheka nikiongea peke yangu mbele ya kioo? Basi. Sasa tunasubiri majibu yatoke ndipo mambo mengine yaanze.

Mama anayetuletea chakula ni mkarimu kupita kiasi. Kila akija huniuliza kama sitaki tena chai, namkubalia kuwa sitaki, na bado ananijazia kikombe. Jana nilikunywa vikombe vitano. Naona aibu kumwachia.

Simu haziruhusiwi hapa, na posta yao inatambaa. Majibu mpe Dereva wa basi lililonileta. Anapita huku kila Jumanne na Jumamosi, na kurudi Jumatano na Jumapili. Usimsumbue kwa maswali, huwa amechoka na safari.

Koti ulilonishonea linanikaa vizuri. Mabega hayabani.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 6

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amenisomesha barua yako mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa mbele ya muuza mkaa, ambaye hakuna aliyemwita lakini alivuta kiti. Sasa mtaa mzima unajua kuwa unakunywa chai vikombe vitano. Mteja mmoja aliyekuja kupunguza sketi ameniuliza kama huko choo kiko karibu.

Tumefurahi. Lakini mimi ni fundi, nikipewa kitambaa hukigeuza kwanza niuone upande wa nyuma. Kwa hiyo nijibu haya. Huyo mwenzako wa chumbani ana umri gani hasa? Asije akawa bibi wa mtu. Mlango mnaufunga ninyi kwa ndani, au mnafungiwa kwa nje? Dirisha la bweni gani hilo linaangalia mabasi? Na majibu yanayosubiriwa yanatoka kwa nani, lini?

Usidhani nakuchunguza. Nakuchunguza.

Jambo lingine. Macho ya Mama siku hizi hayaoni hata tundu la kifungo, kwa hiyo msomaji ni mimi peke yangu. Ukiwa na neno ambalo hutaki alisikie, liandike kwenye karatasi ya pili. Ya kwanza nitasoma kwa sauti. Ya pili itabaki mfukoni mwa aproni, pamoja na sindano, na hakuna anayeingiza mkono humo kwa hiari yake.

Mama anasema uvae soksi.

Dada yako


Jumapili, tarehe 8

KARATASI YA KWANZA

Dada na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima. Soksi nimevaa. Mwenzangu wa chumbani ananifundisha kusuka. Hali ya hewa ni nzuri na chakula kinatosha.

Mdogo wako

KARATASI YA PILI
Kwa Dada peke yake

Sijafika shuleni. Sijafika hata mjini. Niko mpakani, kwenye nyumba wanayoiita ya kusubiria, nyuma ya ofisi ya uhamiaji. Niko hapa tangu Jumanne ile basi liliponishusha. Mlango wa chumba hufunguliwa asubuhi, tunatoka uani, na ua una uzio na geti lenye kufuli. Nimeuzunguka mara nyingi. Ni hatua mia moja na nne.

Nakueleza ilivyokuwa. Afisa aliniita dirishani. Alikuwa na karatasi yenye maswali kumi na tisa na aliyasoma haraka bila kunitazama. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi aulize tena mara mbili. Niliyaelewa yote, Dada, naapa. Nilijibu, akaweka alama, nikatia saini. Kisha akaiweka pasi yangu ya kusafiria kwenye droo na kuniambia nikae kwenye benchi. Wenzangu wote walirudi garini. Dereva alishuka, akabishana, akapanda tena. Nililiona basi likiondoka na kiti changu kitupu.

Wamenipa karatasi yenye sentensi moja: "Maelezo ya msafiri hayalingani na kibali chake." Nimetafuta kila neno kwenye kamusi. Maneno yote nayajua, ila sijui ni maelezo yapi. Kibali kinasema ninakuja kusoma, na mimi nilisema ninakuja kusoma. Afisa nikimwuliza anasema shule imeandikiwa, nisubiri.

Mwenzangu wa chumbani si bibi wa mtu, ila ana watoto watatu. Ni Msusi. Alikuwa anakwenda kumtembelea dada yake. Leo anatimiza siku thelathini na saba. Usiku hulala mara moja, mimi hubaki nikihesabu.

Unajua barua ya shule ilivyosema: nafasi yangu itashikiliwa mpaka Jumamosi tarehe 21. Nisipofika siku hiyo anapewa mtu wa akiba.

Nisamehe kwa uongo. Mtaa mzima ulinisindikiza stendi. Muuza mkaa alivaa tai. Ningeandika nini? Kwamba nimekwenda ng'ambo nikaona ukuta?

Usimwambie Mama. Usinikasirikie.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 9

Mdogo wangu,

Sijakasirika. Nilijua kabla sijafungua barua yako ya kwanza.

Dereva alipoileta alishindwa kunitazama usoni. Nikamwuliza, "Kaka, mtoto umemwacha wapi?" Akasema, "Dada yangu, mimi nimeapishwa." Nikamwambia, "Na mimi nina mkasi." Akasema yote palepale mlangoni, na jasho likimtoka. Usimlaumu. Alisema alibishana na Afisa mpaka abiria wakaanza kumpigia makofi, na bado haikusaidia.

Nilikuacha uendelee na bweni lako kwa sababu niliona ukinyang'anywa na hilo hutabaki na kitu.

Tangu Alhamisi ninakwenda ofisi ya pasi kila asubuhi. Dereva anasema msafiri wa umri wako akifuatwa na mlezi mwenye pasi, mlezi akitia saini, wanamwachia. Basi nakuja. Siku ya kwanza karani akasema picha yangu haifai, masikio hayaonekani. Nikamwambia, "Kwani nakwenda kusikiliza nini?" Akanirudisha mwisho wa foleni. Siku ya pili masikio yalionekana, fomu zikawa zimeisha. Leo fomu zipo, yeye hayupo. Foleni yao ina mtu anayeuza karanga, amesomesha watoto kwa foleni ile.

Nikwambie ukweli, na mimi ninaogopa. Sijawahi kuvuka hata daraja la pili. Wateja wangu wamefika kote, mimi nimebaki kuwapima viuno. Lakini nitavuka.

Wewe fanya jambo moja. Kaa chini ukumbuke maswali yote kumi na tisa, neno kwa neno, na ulivyojibu. Nguo ikivuta mahali, nahesabu mshono mmoja mmoja mpaka nifike penye kosa.

Mama nimemsomea ya kwanza. Aliuliza tu kama imeisha.

Dada yako


Jumatano, tarehe 11

Dada,

Shikamoo. Nimelipata. Siamini ni kitu kidogo namna hii.

Nilifanya ulivyosema. Jana niliandika maswali yote nyuma ya karatasi ya sabuni na majibu yangu pembeni. Niliyasoma mpaka nikachoka. Yote yalikuwa sawa. Msusi naye aliyasikiliza, akasema yeye angejibu vilevile kabisa. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini sikushtuka.

Jioni akaja mama wa chakula na birika. Akauliza kama kawaida, "Hutaki tena?" Mimi nikawa na neno mdomoni, "Ndiyo," yaani ndiyo, sitaki. Sijui kwa nini safari hii nilimtazama mkono. Kabla sijamaliza kulitamka, birika lilikuwa limeshainama. Nikajibu upesi, "Hapana!" Akainua birika, akatabasamu, akaenda kwa Msusi.

Nilikaa nikikitazama kikombe kitupu. Siku nane nakunywa chai nisiyoitaka.

Dada, kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unamjibu "Ndiyo," kwa sababu alichosema ni kweli. Kwao ni kinyume. Ukijibu "Ndiyo" maana yake umekula. Hawajali swali limekaaje, wanasikia ndiyo peke yake. Vitabu vyangu viwili na kamusi hakuna kilichonionya.

Sasa soma swali la kumi na moja: "Wewe hukuja kufanya kazi?" Nikajibu, kwa heshima zote, "Ndiyo."

Nilimwambia Msusi. Akaniuliza swali hilo kwa sauti, akajijibu, akashika kichwa. "Siku arobaini kwa neno moja?" akasema. "Na hata si tusi! Ningetukana ningejua nimefungwa kwa raha zangu."

Leo asubuhi nilikwenda kwa Afisa. Niliandika sentensi kwenye kiganja, nikafuta, nikaandika tena. Nilisimama dirishani mpaka akauliza kama nimepotea. Nikamweleza. Mwanzoni hakuelewa. Nikamwomba amwulize Msusi swali la kumi na moja tena. Akauliza, Msusi akajibu, "Hapana, sikuja kufanya kazi. Nilikuja kumwona dada yangu, na kwa sasa pengine ameshazeeka." Nikatafsiri yote, hata la kuzeeka. Afisa alicheka. Aligonga muhuri kwenye pasi ya Msusi na saa sita mchana Msusi akaondoka. Alinikumbatia mpaka pumzi ikakata. Alisema, "Wewe mtoto unaongea kama panya, lakini unaongea."

Faili langu ni jipya zaidi, Afisa anasema lazima lipelekwe kwa mkubwa wake likasahihishwe. Siku mbili tatu. Wakati nasubiri ameniomba nimsaidie na basi la mchana, maana kulikuwa na mzee aliyejibu "ndiyo" kwamba hana mzigo. Nikasaidia. Wote wamepita.

Kwa hiyo usihangaike na pasi, Dada. Kesho kutwa nitakuwa shuleni.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 13

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne na bado naona uliwajibu sawasawa. Wao ndio wanaouliza kinyumenyume.

Sasa sikiliza. Mama amejua. Hakuambiwa na mtu. Jana nilikuwa napiga pasi, akasema, "Mwanangu hayuko shuleni." Nikajifanya sisikii. Akasema, "Yule mtoto akiingia peponi, barua yake itaanza na rafu za vitabu. Barua mbili nimesomewa, hakuna kitabu hata kimoja. Ana soksi na chai. Yuko wapi?"

Nikatoa mfukoni karatasi ya pili na barua yako ya mwisho nikamsomea. Sindano zilinichoma, nikaona ni haki yangu.

Hakulia. Aliuliza unalala na nani sasa Msusi ameondoka. Akasema, "Kamlete." Nikamwambia kuhusu tarehe 21. Akasema nafasi ni za watu wengi, mtoto ni wake.

Na mimi nakubaliana naye. Siku mbili tatu za ofisi nimeshazijua mimi, nimezisimamia kwa miguu yangu. Pasi yangu inatoka Jumatatu mchana, na jioni hiyohiyo napanda basi la Dereva. Jumanne asubuhi nitakuwa hapo dirishani. Nitatia saini popote watakapoonyesha, na Jumatano tunarudi wote. Shule haikimbii, mwakani utaandika tena insha yao ya kuomba nafasi. Kama muuza mkaa atasema neno, nitamshona mdomo kwa uzi wa jeans.

Funga begi lako.

Dada yako


Jumapili, tarehe 15

Dada,

Shikamoo. Kuna kitu nataka kukuomba na sijui nikianze vipi, kwa hiyo nitakieleza kwanza.

Afisa amenipa kiti. Kisha akanipa meza, na jana kalamu ya ofisi iliyofungwa kwa kamba. Kila basi likiingia, mama wa chakula ananifuata chumbani na kunipeleka dirishani. Nasimama pembeni ya Afisa. Anauliza, natafsiri, msafiri anajibu, natafsiri. Wananiita Mkalimani. Mabasi kumi na moja mpaka leo. Sauti yangu bado inatetemeka kwenye maswali matatu ya mwanzo, kisha inasahau.

Mwanzoni nilifurahi. Nikiona mtu anavuta pumzi aseme "ndiyo" kwenye la kumi na moja, namkanyaga mguu. Hakuna aliyelala nyumba ya kusubiria tangu Jumatano. Mimi tu.

Kila jioni namwuliza Afisa kuhusu faili langu, ananiambia, "Kesho, baada ya basi la pili." Ijumaa alinituma nichukue karatasi kwenye meza yake. Faili langu lilikuwa hapo, chini ya kikombe chake. Lina alama tatu za duara. Halijaenda kwa mkubwa yeyote. Na barua ya kuiandikia shule iko ndani yake, haijatiwa saini.

Si mtu mbaya, Dada. Ananiuliza kama nimekula. Ila kazi yake sasa inakwisha mapema, na akiniachia itarudi kuwa ndefu. Kwa hiyo hanifungi na haniachii, ananisogeza tu mbele siku moja moja. Nilikamatwa kwa kusema nimekuja kufanya kazi, na ilikuwa uongo. Leo ni kweli.

Kwenye kabati lake kuna kitabu cha kanuni za uhamiaji, kurasa mia mbili na kumi. Ameniruhusu kukisoma. Mwambie Mama ndicho kitabu cha kwanza nilichosoma ng'ambo, na kinachosha, lakini nimekimaliza. Kanuni ya arobaini inasema mlezi akitia saini kumrudisha msafiri, msafiri huyo haruhusiwi kuingia tena kwa miaka mitatu. Dereva hakulijua hilo. Ukitia saini, nitatoka Jumatano, na shule imekwisha. Mwakani haitakuwepo, wala mwaka unaofuata.

Ombi langu ni hili. Usije.

Sijawahi kukukatalia kitu tangu unifunge kamba za viatu. Hata hili koti nilitaka la bluu, ukasema kahawia, nikavaa kahawia. Najua umesimama foleni. Najua unaogopa daraja la pili na bado ulikuwa unakuja. Lakini mtu pekee anayeweza kunitoa hapa moja kwa moja mpaka nyumbani ni wewe, na ukija sitaweza kukuambia hapana usoni. Nitafunga begi.

Niachie mpaka Jumamosi.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 16, stendi

Wewe,

Nilikuwa nimeshakaa. Kiti cha tatu dirishani, pasi mkononi, kikapu juu. Dereva akajipapasa mfuko wa shati, akasema, "Dada, nilisahau, una barua."

Nimeisoma basi likinguruma. Abiria wa jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Nimeshuka. Nimechuchumaa kwenye lami naandikia gotini, na utingo ananiambia niwahi. Kikapu nimekiacha kije. Mna mikate miwili, soksi za Mama na blanketi.

Nimekasirika. Sijui nitamwambia nini Mama nikirudi na mikono mitupu, na usinifundishe. Wewe ulikuwa hujui hata kumkatalia muuza karanga, ukarudi na karanga kila siku. Leo umeanza na mimi.

Jumamosi nitakaa karibu na simu ya duka la dawa kutwa nzima. Ukishindwa, nakuja Jumanne na natia saini, na miaka mitatu tutaizungumza nyumbani.

Pasi yangu ina picha mbaya sana. Masikio yanaonekana kuliko uso.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 21

Dada, Mama,

Shikamooni. Mwandiko unaruka kwa sababu niko garini. Ndiyo. Niko garini.

Nianze na Alhamisi. Nilimwandikia Afisa swali la kumi na moja upya: "Umekuja kufanya kazi?" Hivyo tu, bila kukanusha. Nikamwambia swali likiwa hivi, kila mtu atajibu sawa hata bila mimi. Alilisoma, akasema ni zuri, na akasema maswali yanatoka juu, yeye hawezi kubadili hata nukta. Akaliweka kwenye droo, juu ya pasi yangu. Nilirudi chumbani nikalala kifudifudi kwenye nailoni.

Ijumaa nikafikiria kugoma. Basi likija ningekaa kimya, Afisa ahangaike mpaka aniachie. Likaingia basi, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, anatetemeka kuliko nilivyotetemeka mimi. Sikuweza. Ningemfungia yeye ili mimi nitoke. Nikatafsiri. Usiku huo nikajua sina njia, nikafungua tena kitabu cha kanuni kwa sababu hakukuwa na kingine cha kusoma.

Kanuni ya sitini na mbili: msafiri aliye kwenye orodha ya gari, akishajibu maswali yote na kutia saini, apewe uamuzi kabla gari hilo halijaondoka. Nilikuwa nimeisoma mara ya kwanza bila kuiona. Mimi niliondokewa na gari, kwa hiyo sikuwa kwenye orodha yoyote.

Asubuhi ya leo Dereva alipoingia nilimwomba aniandike. Hakuuliza kwa nini. Aliandika chini ya orodha yake: abiria wa hamsini na tatu.

Nikawatafsiria wote hamsini na wawili. Ilichukua karibu asubuhi nzima. Afisa akafunga kalamu, akasema, "Ahsante, Mkalimani, pumzika." Badala ya kwenda chumbani nilizunguka meza, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikasimama nje ya dirisha lake, mwisho wa foleni. Nikampa orodha.

Akasema, "Wewe si abiria."

Nikasema, "Ni wa hamsini na tatu. Nani atanitafsiria?"

Akaigeuza orodha. Basi nikachukua fomu tupu mezani kwake na kuanza mwenyewe. Nilisoma swali la kwanza kwa lugha yao, nikalisema kwa lugha yetu ili watu wote wasikie, nikalijibu kwa lugha zote mbili. La pili hivyohivyo. Dada, nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye ukuta wa mbele. Abiria walishuka garini kutazama. Nilipofika la kumi na moja, kabla sijajibu, watu hamsini na wawili wakajibu kwa pamoja, "Hapana, hakuja!" Mama wa chakula alikuwa mlangoni na birika, akacheka mpaka akaliweka chini.

Nikatia saini, nikaisogeza fomu chini ya kioo, nikafungua kitabu kwenye kanuni ya sitini na mbili na kukiweka juu yake.

Afisa akasema, "Kesho, baada ya..."

Dereva akazima injini. Akasema, "Mzee, orodha yangu ina mtu mmoja hajajibiwa. Siondoki na pengo." Nyuma yake malori mawili yakaanza kupiga honi.

Afisa alinitazama. Nadhani hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa arudishe mwavuli wa watu. Alifungua droo. Muhuri wao una sauti ndogo sana, Dada, nilidhani ungelia kama mlango. Kisha akaniuliza, "Na basi la mchana?"

Nikamwonyesha ukuta wa benchi kwa kidole. Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye ukuta wa benchi la wasafiri, kwa herufi kubwa: UKIULIZWA, USIJIBU NDIYO WALA HAPANA. SEMA SENTENSI NZIMA. Kama ataibandua sijui. Kila tukipishana na basi linaloelekea kule nageuka kulitazama.

Nimekaa kiti cha utingo. Barabara ya huku ina vumbi na mabango, na mbuzi wao ni kama mbuzi wetu. Nilidhani nitatazama kila kitu. Nimelala nusu ya njia.

Sasa ni saa tisa alasiri na tumesimama nje ya geti la shule. Dereva amekataa kuwapeleka abiria stendi mpaka ajue nimepokelewa, na abiria hamsini na wawili wamekataa kulalamika. Mlinzi ameita karani. Karani ameniambia kupitia kitundu cha geti kwamba nimechelewa siku kumi na nane. Nimemwambia barua inasema mpaka tarehe 21 na leo ni tarehe 21. Amekwenda kuuliza. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye geti.

Amerudi. Anasema leo saa kumi kuna mtihani wa kuzungumza, na atakayeshindwa anarudi kwao kesho. Wenzangu wamefundishwa kuzungumza kwa wiki mbili na nusu, na mimi sijahudhuria hata kipindi kimoja. Ameuliza kama sitaki kuahirisha mpaka mwakani.

Nimemjibu, "Hapana, sitaki kuahirisha. Nataka kuingia sasa."

Geti linafunguliwa. Dereva ananyoosha mkono, anataka barua. Nimemwomba apige simu duka la dawa jioni, na akiwaletea hii mwulizeni kama sikutoka tena.

Mdogo wenu,
abiria wa hamsini na tatu